Kuanza Mazoezi ya Kujenga Pumzi Mbeya Bila Jimu

Dada, umeeleza kwamba umehamia Mbeya kutoka Dar es Salaam, na ulipojaribu kukimbia uliishiwa pumzi kabla ya dakika mbili. Tafadhali usikate tamaa. Mji huu uko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani, na mwili huhitaji wiki kadhaa kuizoea.

Anza kwa kutembea haraka dakika 20, siku tatu kwa wiki, kwenye barabara tambarare, kwa mwendo unaokuwezesha kuzungumza sentensi nzima lakini usiokuwezesha kuimba. Ukishindwa hata kuzungumza, punguza mwendo badala ya kusimama ghafla. Baada ya wiki mbili, kimbia polepole dakika moja, tembea dakika mbili, na urudie mara sita. Vilima viache kwanza: mimi nilianza kwa kupandisha upande wa mlima Loleza, na magoti yaliniuma wiki nzima, hasa wakati wa kushuka.

Asubuhi za Juni na Julai vaa sweta, ulivue na kulifunga kiunoni jasho likianza kutoka. Mvua ikinyesha, ruka kamba barazani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, nawe utazifikia taratibu. Ukihisi maumivu ya kifua au kizunguzungu, acha mara moja uende kituo cha afya.