Uso mweupe, mafuta na chunusi: kwa nini fandesheni inageuka chungwa ifikapo saa saba

Dada uliyeuliza, pole. Umesema wewe ni mweupe, uso unatoa mafuta, una chunusi kidevuni na madoa mashavuni, Jumatatu unaanza kazi ya mapokezi huko Upper Hill, Nairobi, na kila ukijipaka, saa saba mchana kioo kinakuonyesha uso wa chungwa juu ya shingo nyeupe. Unataka kujua ni fandesheni gani "inayofunika kabisa". Uso huo ninao mimi pia, tangu kidato cha tatu, kwa hiyo nivumilie nijibu kwa urefu. Na nianze kwa kukubishia: hiyo ya kufunika kabisa ndiyo inayokuharibia.

Watu hudhani ukiwa mweupe basi kila kitu kinakukubali. Wapi! Kwenye ngozi yetu chunusi moja inaonekana kutoka ng'ambo ya barabara, nyekundu kama pilipili, na ikipona inaacha doa la zambarau linalokaa miezi. Ndipo mtu anamwaga zege usoni. Zege juu ya mafuta halikai. Saa tatu uko sawa, saa sita limeanza kuteleza pembeni mwa pua, saa nane limejikusanya kuizunguka ile chunusi uliyotaka kuificha, sasa inaonekana zaidi kuliko ungetoka nyumbani uso mtupu.

Fandesheni ni ya kusawazisha rangi, basi. Madoa yanafichwa moja moja, kwa konsila. Siku nilipolielewa hilo, chupa niliyokuwa nikiimaliza kwa miezi miwili ilianza kunikalia mitano.

Sasa namba ya rangi. Mara yangu ya kwanza kununua nilienda Dubois Road, nikaingia duka lililojaa hadi darini, dada wa dukani akanipaka nyuma ya mkono chini ya taa nyeupe, akasema "imekushika vizuri sana". Nyuma ya mkono! Mkono wangu unapigwa jua kila siku nikining'inia kwenye matatu, una rangi yake na maisha yake. Kosa la pili lilikuwa la hila zaidi. Aliniangalia mashavu, akaona wekundu, akanipa fandesheni yenye uwaridi. Lakini ule wekundu ni wa chunusi, si wa ngozi. Shingo na kifua changu ni vya manjano, kama weupe wengi wa huku. Nikapaka uwaridi juu ya umanjano, matokeo yake nikafanana na mgonjwa wa homa aliyevaa shingo ya mtu mwingine. Kwa hiyo ukitaka kujua asili ya rangi yako usiuulize uso, uso umeshachafuliwa na chunusi. Uliza kifua.

Halafu usidanganywe na herufi za kwenye chupa. Za kampuni ya MAC, kwa mfano, NC ni za ngozi zenye umanjano na NW ni za ngozi zenye uwaridi, ingawa C ni ya ubaridi na W ni ya ujoto, kinyume na vile kampuni nyingi zinavyoziita. Nilipoteza pesa hapo.

Siku hizi nafanya hivi. Naenda asubuhi, uso umenawa na hauna kitu. Naomba namba tatu zinazofuatana, navuta mistari mitatu kutoka shavuni, inashuka taya, inaingia shingoni. Natoka nje na kioo changu cha mkobani, kwa sababu mwanga wa dukani ni mwongo. Kisha sinunui. Natembea. Mara ya mwisho nilitoka Dubois nikapanda hadi Moi Avenue, nikakaa mahali nikanywa chai na mahamri mawili, nikateremka stejini Kencom. Makanga akanitazama ile mistari akaniuliza mechi ni ya nani na nani. Nilipotoa kioo, saa moja na nusu ilikuwa imepita. Mstari wa kwanza ulikuwa umepotea, siuoni ulipoanzia wala ulipoishia. Wa pili umebaki kama chokaa. Wa tatu, ule uliokuwa mzuri kuliko yote dukani, umekuwa rangi ya tofali. Nikarudi nikanunua wa kwanza. Dada wa duka alikuwa ameshanisahau.

Sababu ya huo utofali ni hii: rangi ndani ya fandesheni nyingi ni oksidi za chuma, nyekundu, njano na nyeusi, pamoja na titani dioksidi ambayo ni nyeupe. Maji ya fandesheni yakikauka na mafuta ya ngozi yakilowanisha zile punje, rangi inakolea. Mwenye ngozi kavu anaweza asilione jambo hili maisha yake yote. Sisi tunaliona kabla ya chakula cha mchana. Ndiyo maana nakwambia ungoje, na ukiwa kati ya namba mbili chukua iliyo nyepesi kidogo, itakolea yenyewe ikufikie.

Aina: tafuta ya majimaji, isiyong'aa, iliyoandikwa haina mafuta na haizibi vitundu vya ngozi. Hayo maandishi ya mwisho si kiapo, hakuna kipimo kimoja ambacho kampuni zote zinalazimika kupitia, lakini ni afadhali kuliko kutokuwepo. Mimi niko kwenye Maybelline Fit Me, ile ya ngozi ya mafuta, namba 310, na hakuna anayenilipa kusema hivi. Ukiwa na pesa zaidi, Fenty walianza mwaka 2017 na namba 40, wakaingia Kenya 2022, na kwao mweupe mwenye umanjano hakosi chake. Kile kitu cha shilingi 300 chenye jina kubwa, kinachouzwa kwenye karatasi ya nailoni chini, kiache hapo hapo. Bidhaa inayotoka nje inapaswa kuwa na stika ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Angalia pia ile alama ndogo ya kopo lililofunguliwa, yenye 6M au 12M: ndiyo miezi ya kutumia baada ya kufungua. Andika tarehe kwa kalamu chini ya chupa, utanishukuru.

Kupaka. Nanawa kwa sabuni laini, bila kusugua. Napaka krimu nyepesi ya jeli. Ndiyo, hata sisi. Ngozi ya mafuta nayo huishiwa maji, na ikikauka fandesheni inaganda vipande vipande juu ya kila chunusi inayopona. Lakini si mafuta ya nazi jamani, hayo waachie nywele. Kisha kinga ya jua, SPF 30 kwenda juu, mistari miwili kwa urefu wa vidole viwili. Nairobi iko karibu na ikweta, na juu ya usawa wa bahari kwa mita kama 1,700, kwa hiyo hata Julai ile ya masweta na mawingu miale inafika. Miale ndiyo inayofanya doa la mwezi mmoja likae miezi sita. SPF iliyoandikwa kwenye fandesheni usiihesabu, ungelazimika kupaka nene kama ukuta ndipo ufikie kiwango chake.

Ngoja dakika kumi. Mimi hapo ndipo nachemsha chai na kutafuta kiatu cha pili. Ukikimbilia fandesheni kabla kinga haijashika, vitu viwili vinaviringana na kutoka kama uchafu wa kifutio. Vilevile vinaviringana kama praima yako, ile ya kutangulia fandesheni, ni ya silikoni na fandesheni ni ya maji tupu. Praima yenyewe naweka puani na kwenye paji tu.

Fandesheni: pampu moja, nyuma ya mkono. Sponji ilowe kisha ikamuliwe mpaka isidondoke. Anza katikati ya uso, gonga gonga, usivute. Ukivuta unafunua pale ulipofunika. Inayobaki kwenye sponji ndiyo inayoshuka tayani na shingoni. Ukimaliza, madoa yataonekana bado, hafifu. Vizuri. Usiongeze pampu ya pili! Chukua konsila kwa brashi ndogo kama ya kuchorea jicho. Chunusi nyekundu inatangulizwa na tone la konsila ya kijani, dogo kuliko punje ya uwele. Doa la kahawia linatangulizwa na ile ya rangi ya pichi. Konsila ya rangi yako juu yake, achia nusu dakika ishike, halafu gonga kingo kwa kidole na uiache katikati. Katikati ndipo doa lilipo, na watu wengi hugonga hapo hapo mpaka wanaifuta kazi yao wenyewe.

Kabla ya poda kuna hatua ambayo hakuna aliyenifundisha: bana tishu usoni, iondoe. Kisha poda, kwa kubonyeza na pufu, kwenye paji, pua, kidevu. Mashavu yaonje tu.

Saa saba, kwenye choo cha kazini, usirukie poda. Poda juu ya mafuta ni uji. Chukua tishu, itenganishe ibaki tabaka moja, ibonyeze usoni mpaka ionyeshe madoa ya mafuta kama karatasi ya mandazi, ndipo uguse poda. Dakika moja na nusu, umerudi mezani.

Poda ina mtego wake pia. Kwenye harusi ya binamu yangu Kiambu nilijimwagia ile nyeupe isiyo na rangi, nikajiona malaika kwenye kioo. Picha za usiku zilipokuja, familia nzima iko sawa, na mimi nimesimama katikati kama niliyetoka kusaga mahindi. Silika na titani vinarudisha mwanga wa kamera. Kama kutapigwa picha, jipige moja nyumbani gizani, na taa ya simu imewaka, kabla hujatoka.

Sasa mwenzetu aliyekushauri upake ile dawa nyeupe ya tumbo, ya magnesia, iwe praima. Simgombezi, nilifanya hivyo wiki tatu nikiwa chuoni, na kweli inakausha mafuta. Lakini ile ni alkali, pH yake, yaani kipimo cha uchachu, inafika 10, na ngozi yenye afya iko karibu na 5. Wiki ya tatu mashavu yalianza kuwasha, yakachubuka, chunusi zikaongezeka, na mafuta hayakwenda popote. Limau alilotaja mwingine ni baya zaidi: maji yake yakikutana na jua yanaweza kuunguza ngozi na kuacha doa jeusi, na kwa weupe wetu litaonekana hadi Thika.

Na kwa kuwa umetaja kwamba kuna mtu anakuuzia "krimu ya kutakatisha" isiyo na jina, kwenye kopo la plastiki: nakuomba usiipake. Yangu niliuziwa kwenye hosteli. Wiki ya pili uso ulikuwa mlaini kama wa mtoto, kila mtu ananiuliza siri. Nilipoacha, ukawaka moto, vipele vidogo vinavyofanana vikaja kwa mamia. Daktari wa ngozi aliangalia mara moja akasema steroidi. Krimu za namna hiyo zinaweza kuwa na betamethasoni au klobetasoli, ambazo ni dawa halali mahali pake lakini usoni, kwa miezi, zinaleta chunusi zenyewe. Nyingine zina zebaki na haidrokwinoni, vitu vilivyopigwa marufuku kwenye vipodozi nchini.

Kilichonisaidia mimi ni adapalini, dawa ya chunusi ya kupaka usiku, aliyoniandikia daktari huyo, punje moja ya choroko kwa uso mzima, na uvumilivu wa wiki kumi na mbili. Wiki tatu za kwanza hali ilizidi kuwa mbaya, nikalia, nikampigia, akaniambia endelea. Ukiwa na mimba au unaitafuta, mwambie daktari kwanza, maana dawa za jamii hiyo hawapewi wajawazito. Benzoili peroksidi ya asilimia 2.5 pia hufanya kazi, ila hupausha kitambaa, na mamangu hadi leo anauliza nani aliyeharibu foronya zake za harusi.

Osha sponji kila baada ya siku mbili, kwa sabuni ya kipande, uianike penye hewa, si ndani ya mkoba ikiwa mbichi. Yangu niliipasua kwa wembe siku moja kwa udadisi, ndani ilikuwa na madoa meusi ya ukungu. Hiyo ndiyo nilikuwa napigia usoni kila asubuhi nikishangaa chunusi za kidevu hazinihami.

Kwa hiyo kesho Jumamosi nenda mjini mapema, vuta mistari, ngoja. Jumapili paka uso mzima ukiwa nyumbani, ukae nao kwa muda wa saa nane ukifanya kazi zako, upike, utoke jasho. Usiku uondoe kwa mafuta ya kusafishia kisha sabuni, maana vitambaa vya kufutia vinahamisha tu uchafu. Ukiona umewashwa au umegeuka chungwa, Jumatatu nenda na kinga ya jua, konsila kwenye zile chunusi, na poda puani. Mimi siku yangu ya kwanza kazini nilienda hivyo, na aliyenipokea aliniuliza nimetumia fandesheni gani.