Re: Osileta inahama noti mchana
Mambo mkuu. Kwa hiyo osileta yako, ile sakiti ya sinthesaiza inayotoa sauti, asubuhi iko sawa, ikifika saa nane bati limewaka hapo Nyakato haiendani tena na kinanda. Pima umeme kwanza, volti +12 na -12, ila upime osileta ikiwa imeshapata moto. Volti zikiwa zimetulia basi angalia zile transista mbili zinazopokea volti ya noti (ile inayotoka kwenye kinanda), hizo lazima ziwe na joto moja, zigeuze nyuso bapa zigusane, paka pasta ya joto katikati, zifunge pamoja kabisa, yangu ilitulia sana kwa hilo tu. Rezista ya 3300 ppm inayofidia joto (ukinzani wake hubadilika sehemu 3300 kwa milioni kwa kila digrii) nayo ilalie juu ya hizo transista, madukani mjini sijawahi kuiona, agiza. 7812, ile regyuleta ya volti 12, isogeze mbali, ina moto ile! Kabla ya kutuni (kulinganisha noti), subiri osileta iwake nusu saa.