Jibu la swali la wiki: dairekta kucheza gemu sio dawa

Mhariri habari za kazi, na wasomaji wenzangu salamu. Wiki hii mmeuliza kwa nini muvi za magemu zinachukua miaka na miaka kutengenezwa halafu zikitoka nyingi zinakuwa hovyo, na mkasema kila mtu ataje gemu anayotamani iwe muvi. Hiyo ya pili nitaijibu mwishoni maana najua kuna watu nitawaudhi.

Wengi watawaandikia kwamba tatizo ni dairekta hajawahi kushika padi tangu azaliwe. Na mimi nilikuwa kundi hilo, tena nilikuwa na kelele kuliko wote, mpaka nilipoanza kufuatilia hizi kazi zilivyofanyika nikaona haiingii akilini. Chukua Final Fantasy: The Spirits Within ya 2001, aliyeiongoza ni Hironobu Sakaguchi, yeye ndiye aliyeianzisha gemu ya Final Fantasy yenyewe, sasa nani ataijua kumshinda? Ilikula kama dola milioni 137, ikarudisha milioni 85 hivi, na studio waliyoianzisha kwa ajili ya muvi ikafungwa. Au Warcraft ya 2016, dairekta wake Duncan Jones ni mchezaji kabisa wa hiyo gemu, mapenzi yapo na ufundi upo, China watu wakajaa kwelikweli lakini Marekani haikufika hata milioni 50. Na upande wa pili kuna mwigizaji Bob Hoskins, huyo alikubali kuwa Mario kwenye Super Mario Bros. bila hata kujua kama kuna gemu, mwanae ndiye aliyekuja kumwambia, na bado sio yeye aliyeiharibu ile muvi.

Mimi ninavyoona kinachoua ni hiki, kila anayekuja anaambiwa anza upya, ila haanzi upya kweli. Anakuta staa ameshasaini, tarehe imeshatangazwa, nyumba za kuigizia zimeshajengwa, halafu anaambiwa haya stori yako iingize humo humo. Akiondoka anayemfuata anakuta ya wa kwanza na ya huyu, na muvi ikitoka ni nguo ya viraka, umeshonewa na watu watano ambao hawajawahi hata kukaa chumba kimoja.

Sasa hiyo Super Mario Bros. ya 1993 ndiyo darasa lenyewe. Madairekta walikuwa wawili, Rocky Morton na Annabel Jankel, wao walitaka kitu cha giza giza, jiji la dunia nyingine ambako madainosa hawakufa bali wakageuka watu, na jiji hilo wakalijenga kweli ndani ya kiwanda cha saruji kilichoachwa huko North Carolina. Seti imesimama, imelipiwa, wenye hela ndo wanashtuka kwamba hii sio muvi ya watoto, wanaleta waandishi wengine waichangamshe. Kwa hiyo unakuwa na skripti mpya ya vichekesho inayochezwa ndani ya jiji lililojengwa kwa skripti ya kutisha! Na haikuishia hapo, kurasa zikawa zinabadilika kila siku mpaka waigizaji wakaacha kuzikariri, mwigizaji mwenzao John Leguizamo amesimulia mwenyewe walivyokuwa wanakunywa pombe yeye na Hoskins ili siku iishe. Dennis Hopper, naye mwigizaji, aliitwa kwa wiki 5 akakaa 17. Mnawakumbuka Goomba, vile viuyoga vya kahawia unavyovikanyaga mwanzo kabisa wa gemu? Kwenye muvi ni majitu yenye koti kubwa na kichwa kidogo cha mjusi, nilipoiona mara ya kwanza nikadhani nimewekewa muvi nyingine. Bajeti ilikuwa milioni 48 hivi, Marekani ilipata milioni 20 na kitu, na Hoskins miaka mingi baadaye alisema ndiyo kazi mbaya kuliko zote alizowahi kufanya. Nintendo, wenye gemu yao, wakaogopa sinema muda mrefu sana. Waliporudi na Mario 2023 Shigeru Miyamoto aliyemuunda Mario mwenyewe alikaa kama prodyuza pamoja na Chris Meledandri wa studio ya katuni ya Illumination, wakaamua mwanzoni ni katuni na wakabaki hapo hapo, ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1.3. Mimi binafsi naiona ya kawaida tu lakini ukiiangalia unajua kabisa ni muvi moja.

Halo ndo inaniuma zaidi, maana ile haikufika hata kwenye kupigwa picha. 2005 Microsoft, wenye gemu, walimlipa mwandishi Alex Garland akaandika skripti, halafu siku ya kuiuza wakatuma watu waliovalishwa gwanda la Master Chief, yule askari shujaa wa gemu, wakaipeleka kwenye milango ya studio, isomwe na jibu litoke haraka. Madaha gani hayo! Kumbe walichokuwa wanaomba ni donge nono la mwanzo, mgao kwenye mapato, na sauti kwenye maamuzi, huku pesa ya kutengeneza muvi atoe mtu mwingine. Universal na Fox wakaingia kwa pamoja, Peter Jackson wa The Lord of the Rings akawa prodyuza, akamleta kijana wa Afrika Kusini ambaye hajawahi kutengeneza muvi ndefu, Neill Blomkamp. Kazi ikaanza kweli, mpaka lile gari la jeshi la kwenye gemu, Warthog, likatengenezwa la kuendeshwa barabarani. Sasa hesabu: mwenye gemu ana mgao wake, prodyuza mkubwa wake, studio mbili kila moja wake, na bajeti inapanda. Oktoba 2006 studio zikajitoa, kila kitu kikafa.

Angalia kilichofuata sasa. Jackson na Blomkamp wakageuka wakaenda kutengeneza District 9 kwa milioni 30 tu, hakuna mwenye gemu, hakuna wa kumuomba ruhusa, 2009 ikatoka ikaingiza zaidi ya milioni 200 na ikatajwa kwenye Oscar ya filamu bora. Dairekta yule yule! Halo yenyewe ikaja kuwa tamthilia 2022, misimu miwili, ikasitishwa 2024, na kipindi cha kwanza tu Master Chief kavua helmeti, kitu ambacho kwenye gemu tumekaa miaka 20 hatujaonyeshwa uso wake. Sitaki kuongea sana hapo maana nitamaliza ukurasa wenu.

Muvi ya gemu ya Uncharted iliongelewa tangu 2008 ikatoka 2022, katikati wamepita madairekta David O. Russell, Neil Burger, Seth Gordon, Shawn Levy, Dan Trachtenberg, Travis Knight, mpaka ikaangukia kwa Ruben Fleischer. Ilichukua muda mrefu kiasi kwamba Mark Wahlberg aliyeanza akiwa ndiye shujaa Nathan Drake akazeeka humo humo kwenye foleni, mwisho akacheza yule mzee Sully na Drake akapewa Tom Holland. Muvi iliingiza kama milioni 400, sio kwamba ilianguka, ila nilipomuuliza mdogo wangu siku ya pili inahusu nini akakumbuka meli zinazoninginia angani basi.

Na Borderlands ya 2024 nayo ilipigwa 2021 na Eli Roth, ikakaa, sehemu zikaja kurudiwa na Tim Miller, ikatoka imechoka. Bajeti zaidi ya milioni 100, mapato milioni 33. Cha ajabu Craig Mazin alitangazwa kuwa mwandishi wake lakini ilipotoka jina lake halimo, na ni Mazin huyo huyo aliyeshika The Last of Us akiwa na Neil Druckmann aliyeitengeneza gemu yenyewe, tukaipata kama tamthilia ya HBO 2023. Hiyo The Last of Us pia ilianza 2014 kama muvi ikakwama, kwa sababu walitaka mapigano makubwa makubwa kuliko stori inavyobeba. Walipokaa wawili hao wakakubaliana nini kibaki na nini kitoke, wakathubutu mpaka kipindi cha tatu kizima wakakigeuza kikawa cha wapenzi wawili, Bill na Frank, wakati kwenye gemu Frank unamkuta ameshakufa. Hapo hakuna cha kucheza gemu wala nini, hapo kuna mtu mwenye ruhusa ya kukata.

Najua kuna mtu ataniuliza na Minecraft je? Ni kweli, hiyo inanisumbua. Ilitangazwa 2014, akapita Shawn Levy, akaja Rob McElhenney na tarehe ya Mei 2019 ikatangazwa kabisa, akatoka, akaingia Peter Sollett, tarehe nyingine ya Machi 2022, nayo ikapita. Manahodha kama hao chombo kilitakiwa kiende mrama, lakini Aprili 2025 ikatoka chini ya Jared Hess na ikakaribia bilioni moja. Jibu langu, na mnaweza kunibishia, ni kwamba Hess hakushona kiraka juu ya wenzake. Ile muvi ni utani wa Hess mwanzo mwisho, ujinga wake na mwigizaji wake Jack Black, waliopita hawanusiki humo ndani. Halafu gemu yenyewe haina stori ya kuvunja, ni matofali tu, kila mchezaji anajenga ya kwake, kwa hiyo hakuna shabiki wa kulia kwamba mmeniharibia.

Kuhusu mashabiki sitasema mengi. Sonic, yule kalunguyeye wa bluu wa gemu, mlimuona kwenye trela ya Aprili 2019, yale meno ya binadamu, watu wakapiga kelele, muvi ikasogezwa kutoka Novemba mpaka Februari 2020 ili achorwe upya. Tukashangilia tukajiona washindi. Ila tusisahau kuna watu walikesha kwenye kompyuta kurekebisha kosa ambalo bosi fulani alilipitisha, hao hatuwashangilii.

Haya, gemu ninayotamani. Naipenda Shadow of the Colossus kuliko gemu zote nilizowahi kucheza. Ile ya 2005 ya Fumito Ueda, kijana, farasi wake Agro, na majitu 16 unayotakiwa kuyaua moja moja ili msichana aliyekufa afufuke, maneno ndani yake hayajai hata karatasi mbili. Sony walishatangaza muvi yake tangu 2009, akatajwa dairekta Josh Trank, baadaye Andy Muschietti, mpaka leo kimya. Na mimi naomba ibaki hivyo hivyo kimya. Kwa sababu ile gemu jitu la kwanza likianguka unafurahi, la tatu unaanza kujisikia vibaya, yapo mengine hayakufanyi chochote, yamelala zake, wewe ndiye unayekwenda kuyaamsha, na kitufe unakibonyeza wewe. Niliwahi kuacha padi chini nikakaa kama dakika kumi naliangalia moja linapaa zake angani, sikutaka kulipiga mshale. Kwenye sinema atakayelipiga ni jamaa mwenye sura nzuri, mimi nikiwa kwenye kiti nakula bisi, halafu kwa sababu hakuna maneno mwandishi wa nne ataletwa amtafutie Agro mwenzake wa kuongea naye.

Kwa hiyo mhariri kwenye ile orodha yenu mimi niandikieni sifuri. Na mkisikia huo mpango umefutwa rasmi naomba mnijulishe.