Maswali ya Wafugaji: Ubora wa Dume la Mbegu Hupimwaje?

SWALI: Mhariri, ninafuga ng'ombe wa nyama na ninataka kubakiza dume mmoja wa mbegu kati ya wawili waliozaliwa zizini mwangu. Siku ya kuwaachisha kunyonya, wa kwanza alikuwa na kilo 250 akiwa na umri wa siku 230, na wa pili alikuwa na kilo 230 akiwa na siku 195. Walipozaliwa walikuwa na kilo 35 na kilo 33. Mama wa kwanza ni ng'ombe mzoefu, ilhali wa pili ni mzao wa kwanza wa mtamba. Kila anayeingia zizini humsifu yule wa kwanza kwa kifua chake kipana. Je, si yeye wa kubakiza? Tena, katika orodha za mbegu za uhimilishaji, yaani upandishaji wa chupa, kila dume ameandikiwa tarakimu zenye alama ya kujumlisha au kutoa. Zinasomwaje?

JIBU: Ndugu mfugaji, umefanya jambo la maana sana kuandika tarehe na uzito wa kuzaliwa, kwa sababu bila kumbukumbu hizo jibu lolote lingekuwa la kubahatisha. Kifua kipana unachokiona ni matokeo ya mambo mawili yaliyochanganyika: vinasaba alivyorithi ndama, na malezi aliyoyapata, yaani maziwa ya mama, malisho, afya na umri wake siku ya kupimwa. Dume huwapa watoto wake vinasaba tu; maziwa aliyonyonya yeye hayaendi popote. Kazi yetu basi ni kuondoa sehemu ya malezi kadiri inavyowezekana, ndipo tutazame kinachobaki.

Tuanze na umri. Desturi iliyozoeleka ni kurekebisha uzito wa kuachishwa kunyonya uwe wa siku 205. Toa uzito wa kuzaliwa kwenye uzito wa siku ya kupima, gawanya kwa umri wa ndama kwa siku, zidisha kwa 205, kisha rudisha uzito wa kuzaliwa. Dume wako wa kwanza aliongezeka kilo 215 katika siku 230, kwa hiyo uzito wake uliorekebishwa ni takriban kilo 227. Wa pili aliongezeka kilo 197 katika siku 195 tu, na uzito wake unafika kilo 240. Aliyeonekana nyuma kwa kilo 20 yuko mbele kwa kilo 13 hivi, na bado hatujagusa suala la mama. Mtamba aliyezaa kwa mara ya kwanza huwa na maziwa machache kuliko ng'ombe aliyekomaa, na ndiyo maana taratibu za kupima humwongezea ndama wake kilo kadhaa za kufidia. Kwa ukuaji, basi, wa pili anamshinda mwenzake waziwazi.

Hesabu hiyo ina sharti moja nisiloweza kulilegeza: ndama wanaolinganishwa wawe wa rika moja, wa jinsia moja, waliolishwa pamoja na kutunzwa sawasawa. Ikiwa mmoja alipewa pumba pembeni kwa sababu alipendwa, ulinganisho umeharibika na hakuna fomula itakayouokoa. Ndama aliyelelewa peke yake naye hana wa kulinganishwa naye, hata awe mkubwa namna gani.

Hata ulinganisho ukiwa safi, usitarajie tofauti yote ipite kwa watoto. Tuseme wastani wa madume wa rika lao, baada ya kurekebishwa, ni kilo 216. Dume wako wa pili amewazidi kwa kilo 24. Kiwango cha kurithika kwa uzito wa kuachishwa kunyonya, yaani sehemu ya tofauti kati ya wanyama inayotokana na vinasaba, ni karibu robo, kwa hiyo makadirio ya ubora wake wa vinasaba ni kilo 6 juu ya wenzake. Na kwa kuwa mtoto huchukua nusu ya vinasaba kwa baba na nusu kwa mama, kila ndama wake atatarajiwa kupata faida ya kilo 3. Wapo wanaovunjika moyo wakisikia hivyo. Mimi naona ni faida kubwa, kwa sababu inapatikana kwa kila ndama atakayezaliwa naye, na mabinti wake wakibakizwa zizini wataendelea kuirithisha.

Tarakimu za kwenye orodha hutokana na hesabu ya namna hiyohiyo, ila pana zaidi. Charles Henderson wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, ndiye aliyeunda njia ya kuchanganya vipimo vya mnyama mwenyewe, vya wazazi, ndugu na watoto wake, huku athari za kundi na msimu zikiondolewa kwa wakati mmoja. Alama ya kujumlisha au kutoa huonyesha umbali kutoka msingi, yaani kiwango cha kulinganishia, uliowekwa na chama cha aina hiyo ya ng'ombe, na sifuri haimaanishi ubaya wala wastani wa leo. Tazama tofauti kati ya dume na dume wa orodha moja. Usilinganishe aina mbili za ng'ombe kwa tarakimu ghafi, kwa maana misingi yao si mmoja. Angalia pia orodha imetoka wapi: mfumo wa Australia huonyesha ubora mzima wa mnyama, nawe unapaswa kuugawa kwa mbili kupata kitakachofika kwa ndama, ilhali tarakimu za Marekani kwa kawaida zimekwisha kugawanywa.

Kando ya kila tarakimu huwa kuna kipimo cha uhakika. Dume kijana asiye na watoto ana uhakika mdogo, na makadirio yake yanaweza kupanda au kushuka watoto wakipimwa. Ukimtaka, mpandishe kwa ng'ombe wachache kwanza.

Nakusihi pia usifukuzie sifa moja. Uzito wa kuzaliwa na ukuaji wa baadaye huenda pamoja, hivyo anayechagua ukuaji pekee hujikuta na ndama wakubwa wanaokwama wakati wa kuzaliwa, na hatari huwa kubwa zaidi kwa mitamba. Aina ya ng'ombe wa Ubelgiji wenye misuli maradufu ina nyama nyingi ajabu, lakini sehemu kubwa ya ndama wake huzaliwa kwa upasuaji.

SWALI: Je, kipimo cha vinasaba kinaweza kuchukua nafasi ya mzani?

JIBU: Hapana. Mwaka 2001 watafiti Meuwissen, Hayes na Goddard walionyesha namna ya kukadiria ubora wa mnyama kwa kutumia alama nyingi zilizotapakaa katika vinasaba vyake vyote, na leo sampuli ya nywele au damu ya ndama inatosha. Faida ni kubwa hasa kwa sifa zinazochelewa kuonekana, kama uzazi wa mabinti au ubora wa nyama baada ya kuchinjwa. Lakini alama hizo hupewa maana na maelfu ya wanyama waliopimwa kwa mzani. Ikiwa ng'ombe wako hawana undugu na waliopimwa, makadirio hudhoofika sana.

SWALI: Kama tarakimu ndizo zinazoamua, jicho la mfugaji lina kazi gani?

JIBU: Jicho halioni ubora wa vinasaba vya ukuaji, na limewahi kupotosha vibaya. Katikati ya karne ya 20 huko Marekani, majaji wa maonyesho walipendelea ng'ombe wafupi walioshikana, na wakati huohuo kinasaba cha udumavu kilienea katika nasaba mashuhuri za Hereford, aina ya ng'ombe wa nyama. Wabebaji wake, yaani waliokirithi kwa mzazi mmoja tu, walionekana wazima kabisa, na wawili wakipandana, mmoja kati ya ndama wanne alitarajiwa kuzaliwa mdumavu. Hata hivyo jicho na mkono vina kazi ambayo tarakimu haziifanyi. Mtembeze dume kwenye ardhi ngumu uone kama anachechemea, kagua kwato na miguu ya nyuma, tazama kama ni mkali kwa watu, na pima mzingo wa korodani akifikisha mwaka mmoja, kwa sababu kipimo hicho hurithika vizuri na mabinti wa madume wenye mzingo mkubwa huwahi kupevuka. Daktari wa mifugo akague shahawa kabla ya msimu wa kupandisha kuanza, angalau miezi miwili kabla, ili upate muda wa kutafuta dume mwingine huyu akishindwa.