Shangazi, nimengoja kazi hadi maombi yameniishia

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 33, naishi Manyatta hapa Kisumu. Nilihitimu ualimu 2017, na tangu hapo naomba kazi TSC, tume inayoajiri walimu, bila kufanikiwa. Wenzangu wameajiriwa, na kila mmoja akifanya ibada ya shukrani, mimi niko kwaya namwimbia. Nimefunga, nimekesha. Sasa nabii mmoja ameniambia nipande mbegu ya shilingi 15,000, na barua itatoka kabla ya miezi mitatu kwisha. Kuna kijana wa kanisani anayetaka kunioa, nikamwambia asubiri niajiriwe kwanza. Mama yuko Seme peke yake, shamba limeota magugu. Siku hizi nikipiga magoti sina la kusema. Je, nimemwacha Mungu?*
*Aliyechoka*

Marahaba, binti yangu.

Hujamwacha. Fungua Zaburi ya 13 uone Daudi anavyomuuliza Bwana hata lini atamsahau. Hiyo ni sala, na imo kwenye Biblia yako. Usiku ukikosa maneno, yasome hayo yake kwa sauti. Ni aya sita tu. Kisha ulale.

Hizo 15,000 usitoe. Nakuomba kama mama. Kuomba kazi TSC hakulipiwi, na Mungu hauzi barua. Wewe bila shaka unaijua Yeremia 29:11, ile ya mawazo ya amani. Huku kwetu imeandikwa hadi kwenye matatu. Lakini rudi nyuma usome barua yote. Yeremia aliwaandikia Wayahudi waliochukuliwa mateka Babeli, watu waliokuwa wakihesabu siku za kurudi nyumbani. Katika sura ya 28, nabii Hanania alikuwa ametangaza hadharani kwamba mambo yatageuka katika muda wa miaka miwili. Watu walitaka kusikia hivyo. Yeremia akawaambia ni miaka 70, na akawaonya wasidanganywe na manabii walio kati yao.

Na wafanye nini miaka hiyo yote? Wajenge nyumba wakae. Wapande bustani wale matunda yake. Waoe, waolewe, wazae. Wauombee amani mji ule ule wasioutaka. Ahadi tunayoipenda inakuja baada ya maagizo hayo, na wengi wetu tunairukia bila kuyasoma.

Ndiyo maana barua yako imenigusa. Maombi unayo, binti yangu. Kinachoniuma ni kwamba umeyafungia maisha yako yote nyuma ya mlango wa TSC: ndoa, shamba, hata mama. Hakuna mahali Mungu alipokuagiza hivyo. Nafasi zikitangazwa, omba tena, kila mara. Lakini mvua za Machi zikikaribia, nenda Seme ulime na mama yako. Na kama kuna watoto mtaani kwenu wanaohangaika na hesabu, wafundishe jioni kwa ada ambayo wazazi wao wataweza. Ualimu ulioomba Mungu aufungulie njia tayari umo mikononi mwako.

Kuhusu huyo kijana, sijui moyo wake, na sitakusukuma. Ila kama unamsubirisha kwa aibu ya kuingia kwa watu bila mshahara, mwambie hivyo waziwazi ujue atajibu nini. Mume anayengoja pesilipu si hasara ukimkosa.

Labda kuna swali umeogopa kuliandika: je, nimekosa wapi? Luka anasema Zakaria na mkewe Elisabeti wote wawili walikuwa wenye haki mbele za Mungu, na bado walizeeka bila mtoto. Kuchelewa kwao hakukuwa adhabu. Na malaika aliyeleta habari ya mtoto alimkuta Zakaria kwenye zamu yake ya kufukiza uvumba, kazi yake ya kikuhani.

Kwa hiyo usiache kwaya. Ila shukrani ya mwenzako ikikuzidi uzito, mwambie kiongozi wa kwaya mapema kwamba Jumapili hiyo utaketi na waumini wengine. Mpongeze mwenzako baada ya ibada, umpe mkono, kisha uende zako nyumbani ulie kama unataka kulia. Jumapili inayofuata rudi kwenye sauti yako.