Kitufe cha "Omba Punguzo" kinachoonekana pasipotakiwa

Ndugu, umeeleza kwamba katika Salesforce CPQ, mfumo wa kuandaa bei na kotesheni za wateja, umetengeneza kitufe cha "Omba Punguzo" chenye masharti mawili, yaani kotesheni iwe bado Draft (rasimu) na punguzo lizidi asilimia 15, lakini wauzaji wanakiona hata kwenye kotesheni zilizokwisha kuidhinishwa. Kabla ya kugusa masharti yenyewe, fungua rekodi ya Custom Action, yaani ile inayofafanua kitufe hicho, uangalie uga wa Conditions Met, unaoamua masharti mangapi yatimie. Ukikuta Any, sharti lolote likitimia kitufe hutokea, na kotesheni iliyoidhinishwa kwa punguzo la asilimia 20 inatimiza lile la pili. Weka All, ili yote mawili yatakiwe.

Hilo litatatua shida ya leo, ila mimi sipendi kurundika masharti kwenye kitufe. Meneja akija kutaka kitufe kionekane punguzo likizidi 15 au mteja akiwa taasisi ya serikali, mradi kotesheni iwe Draft kwa hali zote mbili, si All wala Any itakayokufaa. Hapo mimi hutengeneza kwenye Quote (rekodi ya kotesheni) uga wa fomula wa aina ya Checkbox, yaani wa kweli au si kweli, nikaweka mantiki yote humo, kisha kitufe nikakiachia sharti moja tu, kwamba uga huo uwe kweli. Uga huo unaweza kuuweka pia kwenye ukurasa wa kotesheni wakati wa majaribio, ukajua papo hapo kama kosa liko kwenye fomula au kwenye kitufe.

Kuwa mwangalifu na asilimia. Ndani ya fomula, uga wa Percent husomwa kwa desimali, kwa hiyo asilimia 15 huandikwa 0.15, ukiandika 15 utakuwa umedai punguzo lizidi asilimia 1,500, na hakuna muuzaji atakayekiona kitufe hicho. Hali ya kotesheni nayo ilinganishe kwa ISPICKVAL, kitendakazi cha fomula cha kulinganisha uga wa orodha ya chaguo, ukitumia thamani ya API, yaani jina la ndani la mfumo, si lebo iliyotafsiriwa.

Jambo la mwisho, ambalo wengi hulipuuza: kukificha kitufe hakumzuii mtu mwenye ruhusa ya kuhariri asibadilishe punguzo kwa njia nyingine. Ikiwa kotesheni iliyoidhinishwa haipaswi kuguswa kabisa, weka Validation Rule, yaani kanuni inayokataa kuhifadhi mabadiliko yasiyoruhusiwa, kwenye Quote yenyewe, na ujaribu yote kwa akaunti ya muuzaji wa kawaida, si ya msimamizi wa mfumo.