Jibu: Kupima faida ya utafiti wa usalama wa ndege
Ndugu, umeuliza tutajuaje kama utafiti wa serikali kuhusu usalama wa ndege una faida, ilhali ajali zenyewe ni chache. Usianze na hesabu ya ajali. Fuata utafiti mpaka uukute ndani ya chumba cha rubani. Baada ya ndege ya shirika la Delta kuangushwa Dallas, Marekani, mwaka wa 1985 na pepo kali zishukazo ghafla kutoka mawinguni, watu 137 wakafariki, NASA, shirika la Marekani la utafiti wa anga, na mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo walirusha Boeing 737 ndani ya pepo za aina hiyo, na kufikia 1994 rada ya kuzitambua mapema ilikuwa imeidhinishwa. Nikitazama ndege ndogo ikiyumba kabla ya kutua uwanja wa Wilson, Nairobi, mvua ikinukia, hujiuliza swali ambalo kila mtathmini angepaswa kuliuliza: ni matokeo gani ya utafiti yamemfikia rubani huyu?